Kuku Tisa Waliokataliwa Sokoni

Wanangu, mlipokuja juzi baada ya Alasiri kunitaka niwafundishe kufuga kuku, nilisema mengi, na karibu yote yalikuwa ya kujisifu. Niliwaonyesha banda, nikawaonyesha kuku wanavyonifuata mpaka mlangoni, nikakubali kuitwa fundi. Mlipoondoka, mke wangu Bi Esha aliniuliza kama nimewaeleza na habari za wale watano. Nikamwambia muda haukutosha. Aliendelea kuchambua mchele. Baada ya miaka arubaini ya ndoa najua anavyochambua mchele akiwa na neno na anavyochambua akiwa hana. Kwa hiyo leo nimechukua daftari.

Kazi yangu mnaijua, maana wengi wenu mmekula kwa mkono wangu tangu hamjaota meno. Nilichinja kuku sokoni zaidi ya miaka thelathini. Nikimshika kuku kidari na kumpapasa mifupa ya nyuma, nilijua kama anataga au ameacha, kama ni wa kuchemshwa saa moja au saa tatu. Nikimtazama magamba ya miguu, nilijua umri wake. Watu waliniita mjuzi wa kuku, nami sikuwakatalia. Lakini nilimjua kuku kwa zile dakika mbili za mwisho za uhai wake. Analala vipi, anaogopa nini, akiwa na furaha hufanya nini, hayo hayakuwahi kunipitia akilini.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kombo, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, aliyeninolesha visu mwaka mzima kabla ya kuniruhusu kuchinja. Alinikataza kumwonyesha kuku kisu, na alinikataza kumchinja mmoja mwenzake akiona. Siku moja niliwapanga watatu mstari mmoja ili nimridhishe mteja mwenye haraka. Mzee Kombo alinivua aproni mbele ya watu, na kwa wiki mbili nikawa mnyonyoa manyoya. Lipo na neno lake jingine, ambalo nililisikia kijana nikadhani halinihusu: mkono ukianza kutetemeka, weka kisu chini siku hiyo hiyo, usingoje kuambiwa.

Mimi nilingoja karibu mwaka. Ulipoanza kutetemeka mkono wa kulia, kwanza nililaumu kahawa, nikaacha kahawa. Nikalaumu kisu, nikabadilisha mpini. Nikalaumu kuku, nikasema wa siku hizi wanafurukuta kuliko wa zamani. Mpaka asubuhi moja nilimkata kuku mmoja mara mbili. Mwenye kuku alikuwa mama wa makamo, na aliona. Alichukua kuku wake akaenda zake, na tangu siku hiyo alipokuja sokoni alikwenda meza ya tatu, kwa mchinjaji mwingine.

Nikaenda kumuaga mwenye kibanda nilichokuwa nikichinjia. Aliponiuliza sababu, ulimi ulinitangulia: nikamwambia ni miguu, haistahimili tena kusimama. Habari ikaenea mji mzima kwamba Shee mchinjaji ameacha kazi kwa miguu. Basi ikanilazimu nianze kuchechemea. Sikuwa na mazoea ya kazi hiyo. Mara nyingine nilitoka nyumbani nikichechemea mguu wa kulia, nikarudi nikichechemea wa kushoto, na Bi Esha amekaa kibarazani ananitazama.

Siku yangu ya mwisho sokoni ililetwa shehena ya kuku wa gredi kutoka bara, wale wanaofungiwa tunduni kutaga mayai na kuuzwa wakiishiwa. Lori lilikuwa limekwama kwenye foleni ya Makupa juani tangu asubuhi. Waliofika hai waliuzwa, isipokuwa tisa. Hao hawakuwa na manyoya kifuani wala shingoni, vilemba vya kichwani vimepauka, mmoja hana unyoya kichwani kabisa, ngozi tupu kama kisogo cha mzee. Wateja waliwatazama wakageuza nyuso. Jioni mwenye kibanda akaniambia niondoke nao, ndiyo zawadi yangu ya kustaafu.

Nyinyi mnaniita mwenye huruma. Maalim wa madrasa jirani alinitaja hata kwenye darsa, mtu aliyewaokoa viumbe. Ukweli ni kwamba sikuwa na nia ya kumwokoa mtu. Ningeweza kuwachinja, ningewachinja pale pale. Mkono haukukubali, na mdomo haukukubali kusema kwamba mkono haukukubali. Nikawatia kwenye tenga nikawabeba kwa vichochoro mpaka nyumbani Kuze. Bi Esha alilifungua tenga, akalifunga, akaniuliza ni hitima ya nani inayopikiwa kuku hawa. Nikamwambia baada ya wiki mbili watakuwa wamenona.

Nikawaachia uani. Nilitazamia watatawanyika, watafukua, watapigana, kama kuku. Walisimama. Walijibana pamoja, kwenye nafasi isiyozidi ukubwa wa tundu walilotoka, wakasimama siku mbili. Hawakuwahi kutembea maishani mwao. Niliwatupia mnyoo, wakamkimbia mnyoo. Nikawajengea kiguzo cha kulalia, fito iliyolazwa kimo cha bega langu, kwa sababu nilikuwa nimesikia kuku hupenda kulala juu. Magharibi nikawapandisha mmoja mmoja, wakaanguka mmoja mmoja, na Bi Esha kwenye dirisha la jiko akawa anahesabu kwa sauti kama mwamuzi wa mchezo. Chakula nikawapa biriani iliyobaki kwenye harusi ya jirani. Hali ya ua asubuhi yake sitaieleza, maana daftari hili huenda likasomwa na watu wanaokula.

Siku ya nne wawili walikuwa hawasimami. Nikajua lazima niulize mtu, na mtu niliyemjua ni mmoja tu, naye ndiye niliyekuwa sitaki kumuuliza.

Mama Atieno alikuwa karani wa reli mpaka alipostaafu. Kwao ni bara, lakini amekaa Ganjoni maisha yake yote ya kazi, na nyuma ya magorofa yao alikuwa akifuga kuku ishirini na kitu ambao majirani waliwasifu. Alikuwa mteja wangu miaka mingi, alipotaka wa kuchinja bila kugusa wake. Alikuwa akisema anataka temba, ambaye hajataga hata yai moja, nami nilikuwa nikimpa bibi kizee nikimwapia kwamba ni temba. Nilidhani hajui.

Nilifika kwake nikichechemea. Nikamwamkia masalkheri, nikamuuliza hali, watoto, wajukuu, nikaizunguka haja yangu mpaka chai ikapoa. Hatimaye nikasema nina kuku tisa wanaoumwa nyumbani.

"Mzee Shee," alisema, "wale kuku wako wagumu niliwajua tangu wa kwanza. Ni vile tu ulikuwa unachinja vizuri, hawakuteseka. Ndiyo maana sikuhama. Sasa twende nikaone hao tisa."

Alikuja na begi la karani, viatu vya kanisani, akachutama uani kwangu bila kujali. Karibu kila nilichokifanya alikibatilisha. Kiguzo kikashushwa mpaka kimo cha goti. Kuku aliyelelewa tunduni, alisema, mifupa yake ni dhaifu, hupandishwa kidogo kidogo. Biriani ikapigwa marufuku. Akaniagiza niokote makombe ya chaza pwani, niyasage, niyaweke kwenye kopo lao peke yake, kuku mwenyewe anajua anahitaji kiasi gani. Akataka karai la mchanga uliochanganywa na jivu. Nikamuuliza la nini. Akasema la kuogea. Nilicheka peke yangu.

Wiki ya tatu, wote tisa wakiwa wanasimama, yule kipara aliingia karaini. Alisimama kwanza kama aliyesahau alichofuata. Kisha akajilaza ubavu, akajimwagia mchanga kwa bawa, akafumba macho, akanyoosha mguu mmoja nyuma, akatoa sauti ambayo katika miaka yangu yote sokoni sikuwahi kuisikia kwa kuku. Nikamwita Bi Esha aje aone. Tukasimama wazee wawili tunamtazama kuku anaoga, mpaka mandazi yakaungua.

Tokea hapo habari ya kunona haikutajwa tena. Bi Esha, aliyenikataza kuwapa majina, ndiye aliyewapa. Kipara alibaki Kipara hata manyoya yalipoota. Kulikuwa na Bi Harusi, mweupe, asiyetaka kukanyaga tope, na Mwadhini, aliyekuwa akitaga saa nne kamili na kulitangazia yai lake mtaa mzima. Madrasani ndiyo saa ya kusoma kwa pamoja. Maalim alikuja kulalamika kwa upole kwamba watoto wameanza kuitikia. Nikamwomba radhi, nikampa mayai sita, na malalamiko yakawa yanakuja kila wiki.

Nilijifunza kazi ya kila siku, na kazi yenyewe ni ndogo, ila haina Ijumaa wala sikukuu. Baada ya Alfajiri nawafungulia, nawahesabu wakitoka, namtazama kila mmoja anavyotembea. Anayetoka wa mwisho siku hiyo namshika, kwa sababu mgonjwa huanza kwa kuchelewa. Maji ya jana yanamwagwa hata yakiwa safi. Kinyesi kinaangaliwa kabla ya kufagiwa. Fundi wa kuku ni mtu anayeangalia kinyesi, na msinikunjie pua. Baada ya miezi sita nilikuwa nikijiona nimehitimu. Nikawa napita vibarazani nikitoa mawaidha.

Sasa ndiyo nafika kwa wale watano.

Mama Atieno alikuwa amenionya tangu siku ya kwanza kwamba kuku wasiochanjwa kideri, maradhi yanayofagia banda zima, ni kuku wa kuazima. Chanjo yenyewe ni rahisi: kichupa kidogo kinachokaa kwenye barafu, tone moja katika jicho moja la kila kuku, unangoja apepese, basi. Nikaenda kwenye duka la dawa za mifugo alilonielekeza. Muuzaji, binti mmoja wa Kikamba aitwaye Mwende, alinifungia kichupa ndani ya chupa ya chai yenye barafu, akanirudilia maneno yale yale: tone moja, jicho moja. Nikamwambia binti yangu, mimi nimeshika kuku kabla mama yako hajazaliwa.

Bi Esha alikuwa amekwenda maulidi. Nikamshika Kipara kwapani, nikakiinua kichupa juu ya jicho lake. Mkono ukaanza. Tone la kwanza lilianguka kwenye kilemba, la pili kwenye kanzu yangu, la tatu sijui lilikokwenda. Kipara alinitazama kwa jicho lile lile kavu. Nilijaribu na Bi Harusi, ikawa vile vile, na kidogo nimchome mdomo wa kichupa jichoni. Ningeweza kumngoja mke wangu. Ningeweza kuvuka kichochoro nikamwita Maalim. Lakini ningewaambia nini? Mtu aliyeacha kazi kwa miguu, mkono wake una nini?

Nikakumbuka kumsikia mtu sokoni akisema zipo chanjo zinazotiwa kwenye maji. Nikajaza bakuli maji ya mfereji, yale yenye harufu ya dawa, nikamimina kichupa chote, kuku wakanywa, nikasema alhamdulillahi. Bi Esha aliporudi nikamwambia nimemaliza. Sikujua wakati ule kwamba dawa ya kuua vijidudu vya maji inaiua na chanjo. Mwende angeniambia, kama ningemuuliza.

Haukupita muda mrefu kideri kikaingia mtaani. Kuku wa kina fulani walikufa nyumba ya pili, halafu nyumba ya nne. Nikawa natembea kifua mbele, wangu wamechanjwa. Asubuhi moja Mwadhini alitoka wa mwisho, mabawa yameanguka. Kinyesi kilikuwa cha kijani. Jioni shingo yake ilipinda ikatazama nyuma. Siku ya pili akafa, akafuatwa na Bi Harusi. Kwa siku nne walikufa watano, na wa tano alikuwa Kipara. Alikuja mwenyewe karaini, akajilaza kwenye mchanga, asiweze kujimwagia. Nilikaa chini nikammwagia mimi, kwa kiganja, mpaka akatulia.

Mimi niliyechinja maelfu nililia juu ya kuku mmoja. Bi Esha hakunicheka. Hiyo peke yake ilinitisha.

Mama Atieno alikuja kuwasaidia wanne waliobaki, akawatenga, akamwaga chokaa banda zima. Kisha akaniuliza kama kila kuku alitiwa tone jichoni. Nikasema ndiyo. Hakuniomba kiapo, lakini nikaongeza mwenyewe, wallahi.

Aliamini. Kwa kuwa aliniamini, akafikiri sawasawa: kama tone lilitiwa na kuku wamekufa, basi chanjo ilikuwa imeharibika dukani. Pengine umeme ulikatika, friji ikazimwa, binti hakusema. Na watu wengine wamenunua pale. Kesho yake akanichukua twende, mimi nikiwa shahidi.

Nilitafuta kila sababu ya kutokwenda. Hata miguu niliisingizia, akaita tuk-tuk.

Dukani Mama Atieno alizungumza kama karani wa reli anavyozungumza kuhusu mzigo uliopotea, bila kupandisha sauti, jambo baada ya jambo. Mwende alisema friji haikuzimwa. Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyekuwa ameketi nyuma ya meza, alivua miwani akauliza nani alikuwa na ufunguo wa friji mwezi ule. Mwende akasema ni yeye. Mzee yule akamwambia, taratibu tu, kwamba afadhali akae nyumbani mpaka jambo lijulikane. Binti alianza kuvua koti lake jeupe la kazini, na vifungo vikawa vinamshinda.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya gunia la pumba. Gunia lilikuwa fupi. Nilivitazama vidole vya yule binti vinavyotafuta vifungo, nikaviona vinatetemeka, na mimi peke yangu mle dukani nilijua vinatetemeka kwa kosa la nani.

"Mwanangu, vaa koti lako," nilisema. "Friji haina kosa. Chanjo niliitia kwenye maji ya mfereji."

Wote watatu wakanigeukia. Mama Atieno akaniuliza kwa nini. Nikaunyoosha mkono wa kulia juu ya meza, sikuushika kwa wa pili kama nilivyozoea, nikauacha ufanye utakavyo. Palikuwa na mzani pale. Vijiwe vya mzani vikaanza kulia.

"Sikuacha kazi kwa miguu," nikasema. "Miguu ni mizima."

Mwende alifunga vifungo vyake. Nikamwomba radhi yeye kwanza, kisha mwenye duka, ambaye aliupokea mkono wangu kwa mikono yake miwili akaushika kitambo kabla ya kuuachia. Mama Atieno alitoka nje bila kuaga. Nikamfuata, nikitembea sawasawa kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, nikamkuta amesimama kivulini.

"Kuku wagumu nilikusamehe siku hiyo hiyo," aliniambia. "Hili la leo, nipe muda." Akavuka barabara.

Muda alioutaka ulikuwa wiki tatu. Alikuja siku moja ya Jumapili kutoka kanisani, akawatazama wale wanne bila kunitazama mimi, akasema mmoja wao kucha zimezidi. Hivyo ndivyo tulivyopatana. Kiapo changu nikakilipia kafara: Bi Esha alipika wali wa masikini kumi, kwa samaki, na nikaamrishwa kuyapeleka masahani mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Mwende yuko pale pale dukani mpaka leo, na nikifika hunirudilia maelezo mara mbili, kwa sauti ya juu, mbele ya wateja. Nasikiliza.

Na sasa sokoni wanajua. Kuku wa gredi wanaokataliwa huletwa kwangu, ndiyo maana juzi mliwahesabu kumi na saba. Kila miezi mitatu tunachanja. Mimi nashika kuku, Bi Esha anatia tone. Mkitaka kufuga, njooni siku hiyo muone, ndilo somo nililo nalo. Mengine ni jivu na makombe.

Nimebakisha jioni ile ile niliyotoka dukani. Nilifika nyumbani nikamkuta Bi Esha anatia chai. Nilikaa, nikamwambia yote mfululizo: mkono, kuku niliyemkata mara mbili, miguu ya uongo, bakuli la maji, kiapo, vifungo vya yule binti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanisogezea kikombe.

"Mwaka wa pili huu nakutilia chai nusu kikombe, Baba Amina," alisema. "Ulidhani nabana maziwa?"

Nami, wanangu, ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa nimeshamlalamikia dada yangu.